Kahawa na Kichwa cha Asubuhi
Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Wengi wenu mmezoea kumwona karani akisimama kuyasoma majina ya waliochelewa kulipa ada. Leo hatukusimama kudai ada. Tumesimama kujibu swali ambalo limeulizwa mara nyingi katika mikutano yetu ya kila mwezi, pengine kwa kicheko na pengine kwa huzuni, nalo ni hili: Mtu aliyelewa jana akaamka leo na kichwa kizito, je, kahawa humfaa?

Katika mitaa yetu, toka Kaloleni na Makongeni hata Bahati na Jericho, dawa za asubuhi ya namna hiyo hazina idadi. Yuko asifuye supu ya mifupa yenye pilipili nyingi. Yuko asifuye ndimu. Yuko naye ashikiliaye kuzimua, yaani kunywa tena pombe kidogo, ati dawa ya moto ni moto. Lakini kahawa ndiyo yenye sifa kuliko zote. Hata jirani asiyeonja pombe maisha yake yote humpelekea mlevi kikombe cha kahawa nyeusi, kwa nia njema kabisa, akiamini kwamba amempa uzima.

Wala si ajabu, kwa maana kahawa si mgeni kwetu. Pale Majengo ya Pumwani wazee hukaa barazani jioni, dele liko juu ya makaa, na kahawa chungu yenye tangawizi hunywewa katika vikombe vidogo visivyo na mkono. Na katika Pumwani hiyo hiyo, miaka ya 1920, serikali ya mji ilijenga nyumba ya pombe na kujiwekea haki ya pekee ya kuwauzia Waafrika pombe ya kienyeji. Basi dele na pipa ni majirani wa siku nyingi. Hata neno lenyewe, kahawa, limetoka katika Kiarabu, nao wataalamu wa lugha hutuambia kwamba hapo kale lilikuwa jina mojawapo la mvinyo, kabla halijapewa kinywaji cha buni. Labda ndiyo sababu watu wamedhani kwamba mmoja aweza kumfukuza mwenzake.

Kabla hatujaeleza wasemayo waganga, yatupasa kwanza kueleza jambo letu wenyewe. Kamati yalijua, na baadhi yenu mmelisikia nusunusu. Ni heri mlisikie lote kutoka kwa mwenye kosa.

Mwaka jana, Jumatatu moja ya mwezi wa Agosti, tulifika katika afisi ya Chama saa 2 asubuhi. Usiku wa kuamkia siku hiyo tulikuwa katika arusi ya jamaa yetu, tukanywa kupita kiasi, tukalala saa chache tu. Kichwa kilituuma, tukanywa kahawa vikombe 2 vikubwa bila maziwa. Baada ya muda mfupi macho yalifunguka, na mikono ikatulia. Tukajiona wazima, tukafungua daftari la michango.

Mzee mmoja alikuja kulipa ada ya miezi 3 pamoja. Alitutazama, akasema, "Kijana wangu, leo macho yako mekundu. Nirudi kesho?" Tukamjibu, "La, mzee wangu, usiwe na wasiwasi. Nimekwisha kunywa kahawa." Akacheka, akahesabu fedha zake mezani, akapokea stakabadhi, akaenda zake. Nasi fedha zile tukaziandika katika ukurasa wa mwanachama mwingine ambaye jina lake lafanana na lake.

Katika shule ya misheni tulifundishwa kuandika hesabu kwa rula, na kuisoma kila safu mara 2 kabla ya kufunga daftari. Siku ile hatukusoma hata mara 1, kwa kuwa tulikuwa na hakika kwamba tumeandika sawa.

Mwezi wa Oktoba mzee yule alifariki. Mjane wake alikuja kuomba fedha za mazishi kama ilivyo haki yake. Tukafungua daftari, tukamwambia kwamba marehemu alikuwa na deni la miezi 3, na kwa sheria ya Chama fedha haziwezi kutolewa. Alisema, "Mume wangu hakuwa mtu wa kuacha deni." Hatukumsadiki, tulilisadiki daftari. Siku 3 mwili ulikaa katika chumba cha maiti, na gharama yake ikazidi kila siku, mpaka binti yake alipoikuta stakabadhi ndani ya Biblia ya baba yake. Mwandiko uliokuwa juu yake ulikuwa wetu.

Kamati ililipa fedha zote siku ile ile, na gharama ya siku 3 ikakatwa katika mshahara wetu, jambo ambalo ni haki. Mama yule ametusamehe, naye ametupa ruhusa kuyasema haya pasipo kumtaja jina. Lakini aibu aliyoiona mbele ya wakwe zake kwa siku 3, akisikia mumewe akiitwa mdeni, haiwezi kulipwa kwa fedha.

Baada ya hapo tulikwenda kuuliza na kusoma, ili tujue kahawa ile ilitufanyia nini. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Pombe ikiingia katika damu huondolewa hasa na ini. Ini huigeuza kwanza kuwa sumu iitwayo asetaldehaidi, kisha huigeuza sumu hiyo kuwa kitu chepesi ambacho mwili waweza kukitumia. Kazi hii ina mwendo wake, nao hauharakishwi na kahawa, wala na maji baridi ya kuoga, wala na kutembea. Kwa watu wengi ini huondoa kama gramu 7 hadi 10 za pombe kwa saa 1. Chupa 1 ya bia ya nusu lita, yenye nguvu ya asilimia 4.2, ina zaidi ya gramu 16. Basi kila chupa yataka saa 2 hivi. Mtu aliyeanza saa 1 jioni akanywa chupa 8, damu yake haitasafika kabla ya saa 5 asubuhi. Saa 2 asubuhi, akiwa ameshika usukani wa matatu katika barabara ya Jogoo, au kalamu mbele ya daftari, pombe bado imo ndani yake, hata akinywa dele zima.

Kahawa nayo ina kitu kiitwacho kafeini. Mtu akichoka, ubongo wake hukusanya kitu kinachouambia kwamba wakati wa kulala umefika. Kafeini huziba masikio ya ubongo usisikie habari hiyo. Uchovu haukuondoka, habari yake tu ndiyo iliyozuiwa. Kwa hiyo aliyelewa akinywa kahawa huwa mlevi aliye macho. Usingizi umemtoka, lakini akili ya kupima mambo haijamrudia.

Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Temple, katika mji wa Philadelphia huko Marekani, walitangaza jaribio walilolifanya kwa panya. Waliwapa pombe na kafeini, wakawatia katika njia zenye matawi, ambamo upande mmoja ulikuwa na taa kali na kelele. Wale panya waliopewa kafeini walichangamka, walakini hawakujifunza kuuepuka upande wa mateso kama wafanyavyo panya wazima. Na mnamo Novemba 2010 idara ya Marekani isimamiayo vyakula na dawa iliyaonya makampuni 4 yaliyokuwa yakiuza pombe iliyochanganywa na kafeini, kwa sababu mnywaji hakutambua kiasi cha ulevi wake. Tuliposoma habari hizo tulimkumbuka mzee wetu na swali lake la upole.

Sasa, tusiidhulumu kahawa. Inayo faida yake. Anayeinywa kila siku, akiikosa asubuhi, kichwa humuuma kwa kuikosa tu, akiipata, hupoa. Watu wengi hudhani wameponywa ulevi, kumbe wameponywa kiu ya kahawa. Tena kafeini hutiwa katika vidonge vingine vya maumivu ya kichwa, kwa kuwa husaidia dawa hizo kufanya kazi. Lakini kwa tumbo lililokwisha kuchomwa na pombe, kahawa kali huweza kuongeza kiungulia na kichefuchefu. Na kwa kuwa nusu ya kafeini hubaki mwilini kwa muda wa saa 5 hivi, humnyima mtu usingizi, ilhali usingizi ndio anaouhitaji zaidi.

Kuhusu dawa nyingine za mtaani, Desemba 2005 jarida la waganga la British Medical Journal lilichapa uchunguzi uliokusanya majaribio ya dawa mbalimbali za uchovu wa pombe. Hapakuonekana hata moja yenye ushahidi wa kutosha kwamba yazuia au yaponya. Kuzimua nako ni kuahirisha deni na kuliongeza, nanyi wanachama wa Chama cha akiba mwajua deni la namna hiyo huishia wapi. Yafaayo ni mambo ya kawaida: maji, kwa maana pombe huzifanya figo zitoe maji mengi, chakula chepesi, na kulala. Vidonge vya parasetamo visimezwe kwa wingi baada ya ulevi, maana huweza kulidhuru ini.

Liko jambo moja zito ambalo twaomba wazee walipeleke mpaka nyumbani. Si kila kichwa cha asubuhi ni cha uchovu wa pombe. Novemba 2000, katika vijiji vya Mukuru vilivyo jirani na eneo la viwanda, zaidi ya watu 130 walikufa baada ya kunywa pombe yenye sumu ya methanoli, na wengine wakapofuka macho. Sumu hii haimwangushi mtu papo hapo. Mara nyingi dalili zake hutokea saa 12 hadi 24 baadaye, na mwanzoni zafanana mno na uchovu wa asubuhi: kichwa, kutapika, maumivu ya tumbo. Kisha macho huona ukungu, au weupe mtupu, na pumzi huenda mbio. Mtu kama huyo asipewe kahawa, wala asiachwe alale. Apelekwe hospitali kubwa upesi, kwa maana dawa iko, lakini haingoji. Vilevile aliyelewa hata asiamke akiitwa, asimiminiwe kahawa kinywani, isije ikamsonga. Alazwe ubavu, na mtu akae naye wakati msaada ukitafutwa.

Bwana Mwenyekiti, Kamati imekubali mambo 3, nasi twayaleta kwenu mpate kuyapitisha. Kwanza, kila fedha iandikwayo katika daftari isomwe na mtu wa pili kabla mlipaji hajaondoka. Pili, mjane au yatima asirudishwe kwa neno la daftari peke yake, mpaka Kamati imeitisha stakabadhi na kuzilinganisha. Tatu, katika sherehe zetu, anayeendesha gari lenye wanachama asinywe kabisa, na lile birika la kahawa ambalo tumekuwa tukiliweka mlangoni ili walevi waende nyumbani salama liondolewe, kwa kuwa limekuwa likiwapa watu ujasiri wa kushika usukani.

Hatukusimama hapa kumhukumu mnywaji, kwa kuwa tungekuwa wa kwanza kuhukumiwa. Kahawa tutaendelea kuinywa, nanyi mnakaribishwa afisini kuinywa pamoja nasi. Lakini ukifika siku moja ukaona macho yetu ni mekundu, ukaambiwa kwamba kahawa imekwisha kunywewa, twakuomba, mzee wetu, usicheke ukahesabu fedha zako. Rudi kesho.

Ni sisi watumishi wenu,
Karani wa Chama.