Mpiga Picha wa Maandamano na Wenzake

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama, Matulo)



Sisi watu wa reli hatukusoma sana. Tulimaliza shule ya msingi ya misheni, tukaenda kushika sururu. Lakini mmetutaka tuseme juu ya picha za watu wanaoandamana barabarani kwa ajili ya ugumu wa maisha, nasi twasema tuliyoyajua.

Twaanza na zamani. Tarehe 16 Machi 1922, wafanyakazi wa Nairobi walikusanyika mbele ya kituo cha polisi kudai Harry Thuku afunguliwe. Alikuwa ameteta juu ya kodi, kipande na kupunguzwa kwa mishahara. Walipigwa risasi, na Mary Muthoni Nyanjiru akafa. Serikali ilisema waliokufa ni 21. Wengine walihesabu zaidi. Mpaka leo hesabu hiyo yabishaniwa.

Sasa tazameni tarehe 25 Juni 2024. Vijana walitoka kupinga Mswada wa Fedha, ambao mwanzoni ulitaka hata mkate utozwe kodi ya asilimia 16. Watu walipigwa risasi penye Bunge. Kesho yake Rais Ruto alisema hatautia sahihi. Lakini safari hii kamera na simu zilikuwa nyingi. Mwezi Aprili 2025 BBC walitoa filamu iliyotokana na picha zaidi ya 5,000. Walizilinganisha, wakasema ni askari gani waliofyatua. Njia ya mwongo ni fupi.

Hiyo ndiyo faida. Hasara nayo twaijua, maana ni yetu.

Siku moja tulipiga picha ya wenzetu wakiandamana. Ilikuwa nzuri: bango limeinuliwa, nyuso zote zaonekana. Tukaituma kwa marafiki, nao wakaituma mbele. Siku ya tatu kibarua mmoja aliitwa na mwajiri wake, akaonyeshwa uso wake katika picha hiyo, akaambiwa asirudi kazini. Hapa karibu na Webuye, ambako kiwanda cha karatasi kilifungwa mwaka 2009, kila mtu ajua kazi iliyopotea hairudi upesi. Tulikwenda kwake na unga. Hakututukana. Aliuliza tu, "Ndugu, mbona hamkuniuliza?"

Wengine husema kuficha nyuso ni woga. Sivyo. Wako waliochagua kujulikana, kama Boniface Mwangi, mpiga picha, aliyekuwa mmoja wa waliopeleka nguruwe mbele ya Bunge mwaka 2013, Wabunge walipodai mishahara mikubwa. Yeye alichagua mwenyewe. Kibarua yule hakuchagua. Sisi ndio tuliomchagulia.

Kwa hiyo twaomba Chama kikubali mambo haya:

Kwanza, kabla ya kuandamana, wachaguliwe wapiga picha wawili, wajulikane na wote. Katiba ya 2010, kifungu cha 37, yatupa haki ya kuandamana kwa amani bila silaha. Hatuna sababu ya kupiga picha kwa kuiba.

Pili, wenzetu wapigwe picha kwa nyuma au kwa mbali, mabango yasomeke. Anayetaka uso wake uonekane, aseme mwenyewe.

Tatu, mwenye kuumiza watu apigwe picha wazi: uso, nambari, gari, na kitu cha kuonyesha mahali, kama duka au mnara. Lakini mpiga picha asijitie hatarini. Picha haizidi roho ya mtu.

Nne, picha ya asili isifutwe wala isibadilishwe, na katibu apewe nakala. Picha moja ya uwongo itawafanya watu wazikatae mia za kweli.

Tano, picha isitumwe popote mpaka watu wawili wameitazama, uso kwa uso, wakijiuliza: huyu kesho atakula wapi?

Ndugu, hatusemi tuache kamera nyumbani. Tukiiacha, hesabu itakuwa ya mwenye bunduki peke yake, kama mwaka 1922. Twasema mpiga picha ajue kuwa anawatumikia anaowapiga picha.

Yule kibarua bado hajapata kazi ya kudumu. Twaomba mkutano huu umchangie leo. Sisi twaanza na shilingi mia tano, hizi hapa mezani.

Umoja ni nguvu.