Piano ya Kidijitali: Tuanze na Pedali



Leo tunazungumzia ununuzi ambao kwaya na wazazi wengi huufanya mara moja tu kwa miaka mingi: piano ya kidijitali ya kujifunzia muziki wa klasiki. Fedha yake hutokana na pamba, mpunga, mshahara au duara la dhahabu. Aghalabu chombo huagizwa Mwanza au Dar es Salaam, kikalipiwa na kupakiwa kwenye basi kabla mnunuzi hajakigusa. Hapo ndipo hasara huanzia.

Muuzaji hupenda kusifu wingi wa sauti na midundo. Sisi tunawashauri muulize kwanza habari za vibonyezo na pedali. Piano kamili ina vibonyezo 88 vyenye uzito. Vinanda vingi vya kawaida vina 61 vyepesi. Katika piano kubwa, pedali ya kulia hurefusha mlio, ya kushoto huulainisha, na ya kati hushikilia zile nota tu zilizokuwa zimebonyezwa ilipokanyagwa.

Anayeanza aweza kuvumilia kukosa pedali mbili, lakini si ile ya kulia. Nayo ina aina mbili. Moja ni swichi: huwasha au huzima, basi. Nyingine hupima kina cha mguu, hata mpigaji akaweza kupunguza mlio kidogo kidogo, kama kazi za Chopin na Debussy zinavyodai. Zingatieni kwamba pedali bora haina faida ikiwa piano yenyewe haiwezi kuisoma.

Jaribio ni rahisi. Kanyaga pedali, piga nota kadhaa, toa vidole, kisha inua mguu polepole. Mlio ukikatika ghafla, hiyo ni swichi. Ukififia kwa hatua, umepata inayofaa. Mlio ukirefuka pale tu mguu unapokuwa juu, pedali na piano hazikuoana. Zima piano, kisha iwashe bila kugusa pedali; hali ikiendelea, badilisha pedali.

Kwa bidhaa iliyotumika, soma kibandiko cha umeme. Umeme wetu ni volti 230. Kifaa kilichotengenezwa kwa volti 100 au 120 pekee chaweza kuungua mara kinapochomekwa.

Kabla ya kulipa, mweleze muuzaji kwa maandishi kwamba unataka piano ya mazoezi ya klasiki. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humlinda mnunuzi aliyetaja matumizi yake na kutegemea ujuzi wa muuzaji, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mtumiaji. Dai risiti ya EFD yenye jina na modeli ya chombo, na uitunze pamoja na ujumbe mlioandikiana.

Mkiagiza kutoka mbali, mtumeni mpiga kinanda mmoja akajaribu. Nauli yake ni ndogo kuliko bei ya piano isiyofaa.