Pepo wa Saa Sita Mchana

Msikilizaji, leo nianze na saa. Matendo ya Mitume, sura ya 3, inasema Petro na Yohana walipanda hekaluni kusali saa tisa. Mzungu akisoma hapo, sharti apige hesabu, au mfasiri wake ampigie. Sisi hatuna kazi hiyo. Saa tisa ya Petro ni saa tisa yetu, kwa sababu wao nao walihesabu tangu jua linapochomoza. Ni jambo dogo, lakini limenisaidia kumwelewa mtu mmoja wa karne ya 4 aliyeandika habari za vita vya sala kwa kufuata saa za mchana.

Aliitwa Evagrio, mzaliwa wa Ponto, kaskazini mwa Uturuki ya leo. Alikuwa shemasi na msomi mwenye jina katika jiji la Konstantinopoli. Huko akapenda mke wa mtu, tena mke wa mkubwa, akaona heri akimbie kabla hayajamwagika. Akapita Yerusalemu, akaishia jangwani Misri, katika makazi ya wamonaki yaliyoitwa Kellia, maana yake vijumba. Kila mmonaki na kijumba chake, sala zake na kazi ya mikono. Akafia huko mwaka 399.

Ungetazamia mtu wa namna hiyo aseme kwamba adui mkubwa wa mwombaji ni tamaa ya mwili. Si ndiyo iliyomtoa mjini? Lakini katika mawazo mabaya manane aliyoyaorodhesha, aliyemwita mzito kuliko wote ni pepo wa adhuhuri. Jina lake la Kigiriki ni akedia. Wengine husema ni uvivu. Mimi naona neno letu la kukinai linakaribia zaidi. Moyo umekinai. Mtu haumwi, hana njaa kubwa, hajatenda dhambi ya kutisha, ila kusali kumekuwa kama kutafuna pumba.

Evagrio anasema pepo huyu huja saa nne na kumzingira mtu mpaka saa nane. Kwanza hulifanya jua lionekane limesimama, siku ikawa kama ina saa hamsini. Mmonaki anachungulia dirishani. Anatoka nje kupima jua, imebaki kiasi gani kufika saa tisa, maana ndiyo saa ya chakula. Anatazama huku na huku, huenda ndugu mmoja akatokea wapige soga. (Dirisha hilo siku hizi mimi natembea nalo mfukoni, na lina chaji.) Halafu anaanza kuchukia mahali alipo na kazi anayofanya. Anaona upendo umekwisha kati ya ndugu. Kama kuna aliyemkwaza juzi, basi ndipo anapomkumbuka vizuri. Mwisho inakuja hoja tamu kuliko zote: kwani Mungu si yuko kila mahali? Ondoka, utasali mbele ya safari. Na hoja yenyewe ni ya kweli! Hapo ndipo nilipomvulia kofia mzee huyu.

Sasa niseme langu. Kwetu ukitaja vita vya kiroho, watu wanafikiria usiku. Wanafikiria mkesha, vipaza sauti, kukemea, na adui mwenye jina: mchawi, jirani, mama mkwe, bosi. Sina ugomvi na mkesha, nimekesha mara nyingi. Lakini usiku wa mkesha una watu. Una kwaya na mapambio, na ukisinzia kuna mama pembeni atakupiga kiwiko. Jumanne mchana hakuna kiwiko. Uko peke yako na adui asiye na jina la kukemewa, na sauti hata ukiipandisha haimpati. Nahofia tumefundisha watu kupigana na jirani kwa saa nane mfululizo, tukasahau kuwafundisha kukaa na Mungu robo saa bila kuchungulia nje.

Utaniambia, Gethsemane ilikuwa usiku. Kweli, na waliokuwa karibu walilala. Lakini tazama anachoandika Mathayo: Yesu aliporudi kuomba mara ya tatu, alisema maneno yale yale. Hakutafuta mapya wala hakuongeza madoido. Kikombe cha mateso alichoomba kimwepuke hakikuondoka pia, na tusilipite hilo haraka tunapoahidiana majibu.

Dawa ya Evagrio haina mvuto wa kuwekwa kwenye bango la mkutano wa injili: usitoke kijumbani saa ile. Basi. Anaahidi kwamba pepo huyu akishindwa, hakuna mwingine anayemfuata papo hapo. Inakuja amani na furaha. Masimulizi ya wamonaki wa jangwani yanamtaja pia Antoni, aliyemtangulia, siku moja moyo wake ulipokinai vivyo hivyo. Alitoka nje, akamwona mtu kama yeye ameketi anasuka kamba, kisha anainuka kusali, kisha anaketi kusuka, kisha anainuka tena. Alikuwa malaika, wanasema. Mimi nikisoma hapo namwona bibi wa pwani na ukili wake kibarazani: mkono unakwenda, midomo inakwenda, na hana haraka ya kujua mkeka utaisha lini.

Mzee mwingine wa jangwa hilo, Agathoni, aliulizwa ni kazi gani ngumu kuliko zote. Alijibu ni sala: kazi nyingine mtu hufika mahali akapumzika, hii ni mapambano hadi pumzi ya mwisho.

Saa ya hapa studio inaonyesha zimebaki dakika nne kufika saa sita. Walio jirani na kanisa Katoliki huenda wakasikia kengele ya Malaika wa Bwana. Mimi nazima kipaza sauti, na simu naiacha humu juu ya meza.