Ufunguo Uliopotea na Ukimya wa Mfanyakazi: Usalama Kazini Katika Kiwanja Kikubwa cha Ndege



Tarehe 17 Agosti 2024, mkasi mmoja wa dukani ulisimamisha kiwanja kizima cha ndege. Ilikuwa New Chitose, kisiwani Hokkaido, Japani. Iligundulika kwamba mkasi wa duka lililo karibu na milango ya kupandia ndege haupo. Ukaguzi wa abiria ukasitishwa kwa muda wa saa mbili hivi, waliokwisha kupita wakarudishwa kukaguliwa upya, safari 36 zikafutwa na nyingine 201 zikachelewa. Kesho yake mkasi ulionekana ndani ya duka lile lile.

Wengi waliosikia habari hiyo waliona Wajapani wamezidisha. Mimi nimeileta hapa kwa sababu kifaa kilipokosekana kuna mtu aliyesema, na aliposema alisikilizwa. Katika viwanja vingi duniani mkasi ule ungepotea kimya kimya, ukanunuliwa mwingine, na siku ikaisha.

Mada yangu inahusu funguo na vitambulisho vya kuingilia. Ninachokitetea ni hiki: hatari ya ufunguo uliopotea inategemea sana muda unaopita kati ya kupotea na kuripotiwa, na anayeurefusha muda huo mara nyingi ni mwajiri, kwa adhabu anazotoa.

Kwa nini kiwanjani jambo hili ni zito zaidi

Ndege kubwa ya abiria haiwashwi kwa ufunguo kama gari. Aliyefika kwenye kiti cha rubani na anayejua vitufe vyake anaweza kuiwasha. Agosti 2018, katika kiwanja cha Seattle-Tacoma nchini Marekani, mfanyakazi wa huduma za ardhini mwenye kitambulisho halali alichukua ndege tupu aina ya Q400, akaruka nayo peke yake, akaanguka nayo katika kisiwa cha Ketron na kufa. Kinachoilinda ndege iliyoegeshwa ni uzio, geti, mlango wa ngazi za nyuma, na kadi iliyoning'inia kifuani mwa mpakia mizigo, fundi wa umeme au mfagiaji.

Kadi na ufunguo wa chuma vina tabia tofauti. Kadi ikipotea inazimwa kwenye kompyuta mara moja, mradi taarifa imefika. Ufunguo wa chuma hauzimiki. Dawa yake ni kubadilisha kitasa. Ukiwa ni ufunguo mkuu, ule ambao mafundi wa mitaani huuita ufunguo malaya, vitasa vyote unavyofungua vinapaswa kung'olewa. Gharama hiyo ndiyo inayomtisha mlinzi wa kawaida, na hata msimamizi wake, hadi wote wawili wakaamua kungoja kwanza, labda utaonekana.

Meza ya makabidhiano

Tuangalie saa kumi na mbili asubuhi. Zamu ya usiku inatoka, ya asubuhi inaingia. Anayetoka anawahi basi. Anayeingia bado hajavua koti. Pete kubwa ya funguo, yenye vibati vya namba, inapita mkono kwa mkono, na daftari liko wazi mezani. Anayepokea anaandika "nimepokea funguo zote", anatia sahihi. Hakuna aliyehesabu. Ufunguo wa chumba cha umeme, ambao fundi aliuazima usiku wa manane na kuondoka nao mfukoni, sasa umeandikwa daftarini kwamba upo. Siku mbili baadaye mtu anauhitaji, haupo, na zamu sita zimekwisha kuutilia sahihi. Lawama zote zinamwangukia aliyeshika pete siku hiyo.

Mtu huyo atafanya nini? Kama kanuni za kazi zinasema atakatwa mshahara kwa gharama ya kitasa, na zipo kanuni za namna hiyo, anayo njia ya mkato inayojulikana na kila mtu. Ataazima ufunguo wa pili kwa mwenzake wa mlango wa pili, atakwenda nao kwa fundi wa funguo aliyekaa na mashine yake pembezoni mwa stendi, na baada ya dakika chache atarudi na nakala inayong'aa. Pete imetimia na daftari limenyooka. Ule wa kwanza, hata hivyo, bado uko nje, na sasa yupo pia fundi asiyejua kwamba amechonga ufunguo wa kiwanja cha ndege. Maneno "usinakili" yaliyogongwa kwenye chuma hayamzuii. Kinachomzuia ni aina ya ufunguo ambao bati lake ghafi haliuzwi madukani, na hiyo ni gharama ambayo uongozi unapaswa kuikubali tangu siku ya kununua vitasa.

Ninapendekeza mambo mawili hapa, nayo hayahitaji bajeti kubwa. Funguo zihesabiwe kwa sauti, kibati kwa kibati, wote wawili wakiwa mbele ya ubao ambao kila ndoano ina namba yake, ili ndoano tupu ionekane na yeyote anayepita. Pia muda wa makabidhiano uwe sehemu ya zamu na ulipwe. Tukimwachia mlinzi afanye hesabu hiyo katika muda wake wa kwenda nyumbani, hataifanya, na hatuna haki ya kumlaumu.

Ufunguo usiorudishwa na ufunguo uliopigwa picha

Msiba ambao kila mkuu wa rasilimali watu wa kiwanja angepaswa kuujua ulianzia Los Angeles tarehe 7 Desemba 1987. Mfanyakazi wa shirika la USAir alikuwa ameachishwa kazi kwa wizi mdogo. Kitambulisho chake hakikuchukuliwa. Alikitumia kuukwepa ukaguzi, akapanda ndege ya shirika la PSA, safari namba 1771 kwenda San Francisco, akiwa na bastola, naye bosi aliyemwachisha kazi alikuwa abiria humo humo. Angani alifyatua risasi, ndege ikaanguka, na watu wote 43 wakafa. Baada ya hapo Marekani iliweka sharti la kumnyang'anya papo hapo vitambulisho mfanyakazi anayeachishwa kazi, na sharti la wafanyakazi wa mashirika ya ndege kukaguliwa kama abiria.

Sharti hilo linaonekana dogo kwenye karatasi. Lakini fikirini barua ya kuachishwa kazi inavyotolewa kwetu: inaandikwa ofisini, inasainiwa, inatumwa, na ofisi ya vitambulisho inapata nakala wiki inayofuata. Mtu anayekabidhiwa barua anapaswa kukabidhi kadi na funguo katika chumba hicho hicho, na kadi iwe imekwisha kuzimwa kabla hajakaa kitini. Hali iwe hiyo hiyo kwa kibarua wa mkandarasi ambaye mkataba wake umeisha vizuri, bila ugomvi wowote. Huyu ndiye anayesahaulika zaidi, kwa kuwa hakuna anayemwogopa.

Ufunguo unaweza pia kupotea bila kutoka mfukoni. Mwishoni mwa 2014 gazeti la Washington Post lilichapisha picha ya funguo ambazo wakaguzi wa TSA, wakala wa usalama wa usafiri wa Marekani, hutumia kufungulia mabegi ya abiria. Mwaka uliofuata watu walichora umbo la funguo hizo kwenye kompyuta kwa kufuata picha hiyo, wakazichapa kwa printa za 3D, na kufuli zikafunguka. Kwa hiyo mfanyakazi anayejipiga picha kazini, pete ya funguo ikining'inia kiunoni, akaiweka kwenye kundi la WhatsApp, amegawa nakala. Naamini karibu wote wanaofanya hivyo hawajawahi kuambiwa. Waambiwe siku ya kwanza kazini, waoneshwe kwa mfano.

Kuambiwa ni jambo kubwa. Oktoba 2017 mpita njia mjini London aliokota kijiti cha kuhifadhia data cha mfanyakazi wa kiwanja cha ndege cha Heathrow. Kilikuwa na mafaili zaidi ya 1,000, hakina nywila, na habari zake zikafika gazetini. Mwaka 2018 mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya Uingereza iliitoza kampuni ya kiwanja hicho faini ya pauni 120,000. Uchunguzi ulionesha kwamba kati ya wafanyakazi 6,500, waliopewa mafunzo ya kulinda taarifa walikuwa asilimia 2 tu.

Sisemi kwamba kila hatari inaletwa na kitu kilichopotea. Mogadishu, Februari 2016, kompyuta yenye bomu lililolipuka ndani ya ndege ya shirika la Daallo ilikabidhiwa kwa abiria ndani ya jengo na watu waliokuwa wakifanya kazi hapo kiwanjani, kama kamera zilivyoonesha. Hao hawakupoteza ufunguo wowote. Kwa watu wa namna hiyo tunahitaji uchunguzi kabla ya ajira na ukaguzi wa wafanyakazi langoni. Hata hivyo, mpelelezi anapokuja kuuliza nani alikuwa wapi, daftari lenye sahihi za uongo linamsaidia mhalifu.

Adhabu

Hapa najua baadhi ya wakuu hawatakubaliana nami. Napendekeza mfanyakazi anayeripoti ufunguo au kadi iliyopotea ndani ya saa moja tangu agundue asikatwe senti, asipewe onyo, na taarifa yake iandikwe bila maneno ya kumdhalilisha mbele ya wenzake. Anayeficha, au anayechonga nakala, huyo ashughulikiwe kwa nidhamu kamili, hata kama ni mkuu wa kitengo. Mtasema watu watazembea. Anayepoteza mara kwa mara atajulikana kwa taarifa zake mwenyewe, na msimamizi anaweza kumhamishia kazi isiyohitaji funguo. Asiyeripoti hatujui hata idadi ya mara alizopoteza. Gharama ya vitasa iwekwe kwenye bajeti ya kila mwaka, kama tunavyoweka ya matairi na mafuta.

Baada ya chai tutaingia katika kazi za vikundi. Naomba kila kitengo kije na daftari lake halisi la funguo la mwezi uliopita pamoja na pete yenyewe. Kikundi kihesabu funguo zilizopo, kilinganishe na sahihi ya mwisho, kisha kiandike jina la kazi ya mtu wa mwisho aliyeutumia kila ufunguo unaokosekana. Jina lake binafsi lisiandikwe. Matokeo nitayapokea saa nane.