Magazeti ya Kale na Deni la Kitanda cha Juu

(Hotuba iliyotolewa wakati wa chakula cha jioni cha wanafunzi wa zamani)



Barua ya Mwenyekiti ilinitaka niseme kwa dakika kumi na tano juu ya lile sanduku nililolileta maktaba mwezi uliopita. Nasikia Bwana Mkutubi alipolifungua alidhani nimekosea sanduku. Alitazamia kamusi na vitabu vya hesabu. Akakuta magazeti ya Kiingereza yenye picha za majoka, roketi na majitu ya chuma, mengine yamemwagikiwa chai. Ni magazeti ya kompyuta ya mwaka 1983 hadi 1985. Nitaeleza yalivyonifikia. Na kwa kuwa mtu mmoja aliyemo ukumbini humu anahusika, nitaeleza pia jambo ambalo sikulitia katika barua yangu kwa Mwenyekiti.

Mtu huyo alikuwa mwenzangu wa kitanda cha juu. Simtaji jina. Mliokuwa bwenini mnamjua, na msiomjua mtamtambua kwa jinsi anavyovitazama viatu vyake hivi sasa. Ndiye yule aliyechimba mashimo 32 ya bao nyuma ya jiko, akaamrishwa kuyafukia, akayafukia, na wiki ya pili akayachimba tena. Katika miaka yetu hapa sikumbuki kumfunga bao mara tano.

Mwaka 1983 tulijikuta pamoja tena katika mji wa Leeds, Uingereza, yeye akisomea ujenzi wa barabara na mimi uhasibu. Tulipanga chumba kimoja, na safari hii vitanda vilikuwa sambamba. Ndugu zangu, kumbukeni kwamba nyumbani wakati ule kompyuta ilikuwa bidhaa ya marufuku. Serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta na televisheni mwaka 1974, na marufuku ile ilikuwa ingali na nguvu. Sisi wawili tulikuwa tumeiona kompyuta katika picha tu, nayo katika picha ilijaza chumba. Kumbe pale Leeds ilikuwa ikiuzwa dukani kando ya redio na pasi za umeme, na watoto wa shule walikuwa wakiigombania kibodi yake baada ya masomo.

Ile tuliyoinunua iliitwa ZX Spectrum. Iliundwa na kampuni ya Clive Sinclair ya Cambridge, ikatoka Aprili 1982. Ile kubwa, yenye kumbukumbu ya kilobaiti 48, iliuzwa kwanza kwa pauni 175. Mwaka uliofuata ikashuka hadi pauni 129 na peni 95, ndipo nasi tukathubutu. Tulichanga nusu kwa nusu kutoka katika posho. Miezi miwili tulikula maharagwe ya kopo, tukanyoana nywele wenyewe.

Kilikuwa kitu chepesi, cheusi, kidogo kuliko daftari la mahudhurio, na vibonye vyake vya mpira ukivibonyeza ni kama unaminya ufizi wa mtoto. Kila kibonye kilibeba neno zima la amri. Ukibonyeza P inajiandika PRINT. Ukibonyeza J inajiandika LOAD. Hakikuwa na kioo chake, kiliunganishwa na televisheni, na hakikuwa na pa kuwekea kazi yako ila kanda ya kawaida ya muziki katika redio kaseti. Programu ilihifadhiwa kama mlio. Ukitaka kuirudisha unaicheza kanda ile, nayo inalia kama panya mia waliobanwa mlango, huku mistari ya rangi ikikimbia pembeni mwa kioo. Televisheni yetu ilikuwa ya kununua mkononi, haina rangi, hivyo kwetu mistari ilikuwa ya kijivu. Mchezo mkubwa ulichukua karibu dakika tano kuingia, na sauti ya redio ikizidi au ikipungua kidogo, unaanza upya. Wajukuu zetu, ambao simu ikikawia sekunde mbili hununa, hawawezi kuamini kwamba tulikaa kimya tukiitazama mistari ile kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani.

Mtoto wa jirani, kijana wa miaka kumi na mmoja, ndiye aliyetufundisha michezo. Alituletea Manic Miner, mchezo wa mwaka huo huo wa 1983, ulioandikwa na kijana Matthew Smith alipokuwa na umri wa miaka 17. Mchimba madini anapita mapango 20, anakusanya funguo huku hewa ikimwishia, na muda wote kompyuta inapiga kwa sauti ya mbu muziki wa Grieg. Mwenzangu alifika pango la kumi na nne. Mimi sikuvuka la tano, na sioni aibu.

Lakini michezo ya dukani ilikuwa ghali kwetu. Gazeti halikufika pauni moja, na ndani ya gazeti mlikuwa na michezo ya bure kwa mtu mwenye vidole na subira. Hapo ndipo lilipoanzia sanduku lile.

Mtaona mkilifungua kwamba magazeti yale hayakuwa ya namna moja. Sinclair User, lililoanza 1982, lilichapisha kurasa za programu, mstari kwa mstari, ambazo msomaji aliziingiza mwenyewe kwa mkono. Crash, lililoanza Februari 1984 katika mji mdogo wa Ludlow, halikuwa na programu. Kazi yake ilikuwa kuihukumu michezo kwa asilimia, na wengi wa mahakimu walikuwa wanafunzi wa shule ya pale mjini. Majalada yake yalichorwa na Oliver Frey, mzaliwa wa Uswisi, na ninakiri kwamba mara nyingine nililinunua kwa ajili ya jalada tu. Yamo na matoleo machache ya Computer & Video Games. Kampuni iliyochapa Crash ilianguka mwaka 1991, na Frey alifariki 2022.

Kuingiza programu kutoka gazetini ilikuwa kazi ya watu wawili. Mmoja anasoma, mwingine anabonyeza. Sehemu ngumu ilikuwa safu za tarakimu tupu, mia kwa mia, ambazo hazikuwa na maana yoyote kwa macho ya binadamu. Tulizisoma kwa Kiswahili, kwa sababu kwa Kiingereza tulichanganya kumi na tatu na thelathini. "Mia mbili hamsini na tano, mkato. Sitini na mbili, mkato. Sifuri, mkato." Mama mwenye nyumba alituuliza siku moja, kwa heshima sana, kama ile ilikuwa sala ya dini yetu.

Kosa la tarakimu moja lilitosha. Sifuri ikasomwa kuwa herufi O, mkato ukawa nukta, nawe ukaamuru programu ianze, kioo kikafifia, na kompyuta ikajifuta yote kana kwamba haijakuona maishani mwake. Saa nne za usiku zinakwenda hivyo. Na wakati mwingine kosa halikuwa letu bali la gazeti lenyewe, na masahihisho yakatoka mwezi uliofuata katika kona ndogo ya ukurasa wa mwisho. Ndiyo maana mwenzangu aliweka sheria ndani ya chumba chetu: kwanza hifadhi katika kanda, tena mara tatu, ndipo uijaribu. Sheria hiyo ikumbukeni, nitairudia.

Baridi ya mwanzoni mwa 1984 mwenzangu alichoka na michezo ya watu. Akasema ataifundisha kompyuta kucheza bao.

Wazee wa bao mliomo humu mnaelewa alijitia katika nini. Mashimo 32 si tatizo, kompyuta inayahesabu. Tatizo ni mchezo wenyewe. Unaanza na kete kumi ubaoni, sita katika nyumba, mbili na mbili pembeni, na 22 mkononi za kunamua. Lazima ijue lini kula ni lazima, lini inatakasa, lini nyumba inaruhusiwa kulala na lini inavunjwa. Kete moja ikianguka penye kete, safari inaendelea, na mkono mmoja unaweza kuzunguka ubao mpaka mcheza mwenyewe asahau alikoanzia. Alikaa nayo wiki tisa. Aliandika kwanza katika madaftari, kwa penseli, akiwa amejifunika blanketi, kisha akaibonyeza usiku. Mwishoni ilicheza. Ilifikiri dakika nne kabla ya kila zamu, lakini ilicheza, na ndugu zangu, mimi ilinifunga.

Magazeti yale yalilipa wasomaji waliotuma programu nzuri. Mwenzangu akaandika barua kwa mhariri, akaeleza bao ni nini, watu gani wanalicheza. Akahifadhi programu katika upande mmoja wa kanda ya saa moja, mara kadhaa, moja baada ya nyingine, kwa ile sheria yake. Kisha akavivunja vile vijino viwili vya plastiki juu ya kanda, ambavyo vikivunjwa redio haiwezi kurekodi tena juu yake. Akasema Jumatatu tutanunua kanda nyingine, atoe nakala ya kutuma.

Jumapili ile alikwenda kuwaona watu wa kwetu Bradford. Jioni akapita kijana kutoka London akiwa na kanda ya Mlimani Park Orchestra, mpya, imetoka nyumbani wiki hiyo. Alikuwa anaondoka alfajiri. Nilikuwa sijasikia muziki wa nyumbani miezi minane. Maduka yamefungwa. Nikatazama huku na huko, nikaona kanda mezani. Nikaviona vijino vimevunjwa. Nilijua maana yake, nilikuwepo alipovivunja. Nikakata karatasi ya gundi, nikayaziba matundu, nikarekodi.

Nilijiambia kwamba ameweka nakala nyingi, na muziki ule ni nyimbo chache tu. Nilijiambia pia kwamba programu ingali ndani ya kompyuta. Kompyuta ile hukumbuka kwa muda umeme unapoingia, na nilikuwa nimeichomoa mimi mwenyewe ili nipate pa kuchomekea redio.

Aliporudi nilimwambia kanda imeliwa na redio, nimeitupa. Hakunigombeza. Aliketi kitandani akavua viatu, akasema, "Basi." Madaftari yalikuwa na nusu tu ya kazi, nusu ya pili aliibuni kibodini. Barua kwa mhariri haikutumwa. Sikumwona tena akiandika programu, wala hakunialika tena kusoma tarakimu. Mwaka 1985 tuliporudi nyumbani kompyuta tulimwachia yule mtoto wa jirani, maana forodhani isingepita. Mimi nikafunga magazeti katika sanduku, na kanda nikaificha katikati yao.

Kwa nini sikuitupa kweli, sielezi vizuri. Muziki ulikuwa mtamu, hiyo ni sababu mojawapo. Mwaka 1987 mwenzangu alioa Morogoro, umeme ukafifia, bendi ikashindwa, na mimi nikaombwa nilete redio ya betri. Ile ndiyo kanda niliyokuwa nayo. Alicheza kwa muziki ule na bibi harusi wake mpaka jasho likamtoka. Ila mimi sikucheza hata wimbo mmoja, na shemeji alininung'unikia. Shemeji, sababu ndiyo hii: baada ya wimbo wa mwisho upande ule una nafasi, na katika nafasi ile panya wanalia bado. Ni mkia wa nakala ya mwisho ya bao, muziki haukuifikia. Nilisimama kando ya redio usiku kucha, kidole juu ya kibonye.

Mwaka jana nilimpa mjukuu wangu kanda ile. Vijana hawa wameyatunza mambo yetu kuliko sisi. Magazeti yale yote wameyapiga picha wakayaweka katika intaneti, na michezo ile wanaicheza ndani ya kompyuta za leo zinazojifanya kuwa Spectrum. Alihangaika na mlio ule siku tatu. Sehemu kubwa imepotea. Zimepatikana sekunde ishirini na kidogo, mistari ya mwisho ya programu, na mmojawapo ndio ule uliokuwa ukitokea kiooni mtu akiishinda kompyuta. Unasema: UMENILA MZEE. HAYA, TUPANGE TENA.

Mwenzangu, nilikudanganya. Redio haikula kanda. Hii hapa, imekuwa mfukoni tangu tulipoketi kula, na karatasi yenye mistari iliyopatikana nimeikunja ndani ya kasha lake. Ukitaka kunisemesha, nisemeshe. Ukitaka kwenda zako, nitaelewa, nimekuwa na miaka arobaini ya kujiandaa.

Lakini nimepita nyuma ya jiko leo mchana, Ndugu Mwenyekiti. Mashimo yamefukiwa tena. Kwa hiyo nimekuja na bao la mbao, liko kwenye gari pamoja na kete zote 64. Sita nyumbani, mbili, na mbili. Nitakuwa pale nje chini ya taa. Wewe ndiye utakayeanza.