Mwezi Mpevu, Ibada ya Wahindu na Uvumi Wetu

Hotuba ya mwalimu mstaafu kwa wakazi waliohudhuria baraza la Kianjai, Tigania Magharibi. Tumeifupisha kidogo.



Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo limekuwa likipita midomoni mwa watu. Wapo wanaosema kwamba familia za Kihindi zikikusanyika usiku wa mwezi mpevu, zikawasha taa na kufukiza ubani, zinafanya mambo ya giza, na ndiyo sababu maduka yao yananawiri huku ya wengine yakifungwa. Wapo pia wanaosambaza namba ya simu: tuma pesa ufanyiwe kinga ya Kihindi usiku wa mwezi mpevu, na shida zako zitaisha. Wa kwanza wanawasingizia majirani, na wa pili wanawaibia nyinyi. Nasema hivyo kwa sababu ibada yenyewe niliwahi kuiona kwa macho yangu.

Nikiwa kijana wa shule nilifanya kazi likizoni katika duka moja Meru mjini, nikipanga magunia ya sukari. Wenye duka walikuwa Wahindu. Nasema Wahindu, si Wahindi tu, kwa maana Wahindi wana Waislamu, Masingasinga, Wajaini, hata Wakatoliki wa kutoka Goa. Siku ya mwezi mpevu, ambayo wao huiita Purnima, mama mwenye nyumba alifunga tangu asubuhi. Jioni duka lilifungwa mapema. Siku moja aliniagiza mashina machanga ya migomba, nikayapeleka mpaka mlangoni. Akaniambia, "Ingia, kijana, keti usikilize."

Waliyafunga yale mashina kwenye pembe nne za kimeza. Katikati paliwekwa chungu cha shaba chenye maji, juu yake majani na nazi, na mbele yake picha ya mungu wao Vishnu. Kulikuwa na taa ya samli, maua, ndizi, na kitu kitamu kilichopikwa kwa chenga za ngano, maziwa, samli na sukari. Hapakuwa na damu wala jina la jirani. Pandita alisoma hadithi na watoto wakasinzia, kama wanavyosinzia wetu kanisani.

Ibada hiyo inaitwa Satyanarayan. Satya maana yake ni kweli, na Narayan ni jina la Vishnu. Huweza kufanywa siku nyingine pia, ila Purnima ndiyo siku inayopendwa zaidi. Watu huifanya wakiwa na shida au wakishukuru kwa kutoka katika shida: ugonjwa, kukosa mtoto, biashara kuyumba, safari ndefu.

Hadithi inayosomwa ndiyo niliyotaka mwisikie. Inaanza kwa mjuzi aitwaye Narada, aliyewaona wanadamu wakiteseka duniani, akaenda kumwuliza Vishnu wafanye nini wapate nafuu. Akapewa ibada hii. Wa kwanza kuifanya katika hadithi ni maskini ombaomba wa mji wa Kashi, kisha mkata kuni. Angalieni hapo: si tajiri wala mfalme aliyetangulia.

Halafu anakuja mfanyabiashara. Hana mtoto, anaahidi kwamba akipata atafanya ibada. Binti anazaliwa. Mkewe anamkumbusha, naye anasema tutafanya akiolewa. Binti anaolewa, mzee kimya. Anasafiri na mkwewe kwenda kuuza mali nchi ya mbali, huko wanasingiziwa wizi na kutiwa gerezani, na nyumbani mke na binti wanabaki bila chakula. Wanawake hao ndio wanaotimiza ile ahadi, na wanaume wanaachiliwa. Mngedhani mzee amejifunza. Akiwa njiani kurudi na mashua imejaa mali, mzee mmoja mtawa anamwuliza, "Umebeba nini?" Naye, kwa kuogopa kuombwa, anajibu, "Majani matupu." Akifunua mashua, anakuta majani matupu kweli. (Najua Mmeru akisikia shehena imegeuka majani hashtuki sana, kwetu majani ndiyo mali.) Anaomba msamaha, na mali inarudi.

Basi kinga ambayo Wahindu wanaiomba usiku ule ni hiyo. Mtu anajikumbusha kutimiza nadhiri na kutosema uongo juu ya alichonacho. Sisi ambao wazee wetu wa Njuri Ncheke waliamua kesi kwa kiapo tunaielewa lugha hiyo bila mkalimani.

Zipo Purnima nyingine kubwa. Ile ya mwezi wa Agosti dada humfunga kaka yake uzi mkononi amwombee heri, na kaka huahidi kumlinda. Ile ya Februari au Machi huwashwa moto mkubwa, mkesha wa Holi, na kesho yake watu hupakana rangi. Diwali haimo humu, hiyo huangukia usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo.

Sasa niseme la aibu. Mwisho wa ibada yule mama alinipa mkononi kile kitu kitamu, kama alivyowapa wote. Bila malipo, hakiuzwi. Nilimshukuru, nikatoka nje, nikakitupa mtaroni, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa nikila nitafungwa akili. Alikuwa amefunga kutwa nzima, na mimi nilitupa chakula chake. Sikuwahi kumwambia.

Kwa hiyo yeyote anayekutoza pesa kwa simu akuletee kinga ya mwezi mpevu hana uhusiano na ibada hiyo. Usitume. Kama umeshatuma, beba ujumbe wake na namba uende kituo cha polisi. Najua baada ya misimu mitano ya mvua kukosa, kuanzia mwisho wa 2020, wengi walibaki na madeni, na mwenye deni hushika hata ukamba uliooza.

Na anayemwita jirani mchawi ajue sheria. Sheria ya Uchawi, Sura ya 67, iliyotungwa 1925, inasema kumshutumu mtu kwa uchawi, au kumtishia hivyo, ni kosa, isipokuwa umepeleka malalamiko kwa polisi, chifu au ofisa wa serikali. Katiba ya 2010, ibara ya 8, inasema hakuna dini ya taifa, na ibara ya 32 inampa kila mtu haki ya kuabudu, peke yake au pamoja na wenzake. Hawa si wageni pia. Julai 2017 serikali iliwatambua Wakenya wa asili ya Kiasia kuwa kabila la 44.

Nimemaliza yangu. Naona mama mmoja pale chini ya mti ameinua mkono kitambo. Apewe kipaza sauti.