Chumba Chetu cha Kangle
(Hotuba kwa wanajumuiya, Sikukuu ya Uhuru)



Tumeombwa kusema machache juu ya makazi. Tutasema habari za chumba chetu cha Kangle, wilaya ya Haizhu, kwa sababu binti yetu alipofika darasa la nne aliwaambia wenzake kwamba tunakaa hotelini. Alikionea haya.

Hatukumlaumu. Wanaoijua Kangle, pale jirani na soko la vitambaa la Zhongda, wanajua majengo yalivyobanana. Wenyeji huyaita majengo ya kupeana mikono, maana ukinyoosha mkono dirishani unamfikia jirani wa jengo la pili. Taa tuliwasha mchana. Tulikaa ghorofa ya sita, lifti hakuna, na cherehani za chini yetu zililia hadi usiku wa manane. Lakini wenye nyumba wawili walikuwa wameshatukatalia mlangoni walipotuona sura, kwa hiyo chumba hicho tulikishukuru.

Mmoja wetu alikuwa akisomea shahada ya uuguzi, mwingine akinunua vitambaa vya kupeleka Kariakoo. Miezi ya mwanzo tulikuwa tunalala pale tu, hatumjui mtu.

Usiku mmoja, baba akiwa safarini, binti huyo huyo, wakati huo ana miaka mitatu, alishikwa na homa kali na degedege. Uuguzi ulitufundisha la kufanya: kumlaza ubavu, kutomtia kitu mdomoni, kuangalia saa. Haukutupa mikono ya kumshusha ghorofa sita, na gari haliingii kwenye kichochoro kile. Fundi cherehani wa mlango wa pili, mtu wa Hubei, alisikia tukilia. Degedege lilipotulia alimbeba mtoto hadi barabara kuu. Mkewe alipiga 120 na kueleza tulipo, kazi ambayo Kichina chetu cha siku zile kisingeiweza.

Tangu hapo tukawa tunaulizana "umekula?", ndiyo salamu yao. Jumapili tuliwapima presha mafundi wa jengo zima, nao wakatushonea mapazia. Chumba hakikuongezeka hata futi moja, ila tukaanza kusema "twende nyumbani".

Binti alipokikana chumba, tulimsimulia usiku ule. Ijumaa iliyofuata alimleta rafiki yake, wakapanda ngazi zote, wakala chapati.

Wachina wana methali kwamba ndugu wa mbali hamshindi jirani wa karibu. Wazee wetu walijua hilo. Baada ya 1961, Mwalimu Nyerere alipotangaza vita dhidi ya ujinga, umaskini na maradhi, wanavijiji wengi walifyatua wenyewe matofali ya shule na zahanati.

Leo mipango ya kuijenga Kangle upya inaendelea, na huenda jengo letu lisionekane tena. Kwa hiyo, kabla ya chakula, tunaomba mambo mawili. Watoto, jifunzeni kutaja kwa Kichina mtaa wenu, namba ya jengo na ghorofa, pamoja na hiyo 120. Wazazi, andikeni anwani zenu katika daftari la jumuiya, hata kama ni chumba mnachoona haya kukitaja. Tusipojua unakokaa, usiku wa shida hatutafika.

Uhuru na Umoja.